Kahawa Njiani kwenda Margherita: Uchambuzi wa Kisa cha Bonde la Mubuku, Kasese

Mto Mubuku huteremka kutoka kwenye barafu ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na kumwaga maji yake katika Ziwa George, na kwa zaidi ya karne moja bonde lake limekuwa njia kuu ya wanaokwenda kileleni. Mwaka 1906 msafara wa Mwitaliano Luigi Amedeo wa Abruzzi ulipita katika bonde hili ukapanda hadi Margherita, kilele chenye mita 5,109 ambacho ni cha tatu kwa urefu barani Afrika. Njia haijabadilika sana tangu hapo. Mgeni hufika Kasese mjini, huchukuliwa kwa gari kupitia Ibanda hadi Nyakalengija, hujiandikisha kwenye lango la hifadhi, kisha hupanda na wapagazi wake hadi kibanda cha Nyabitaba na kuendelea na mzunguko wa siku saba au nane. Akiteremka, gari huwa linamngoja. Kwenda na kurudi anapita katikati ya kahawa, migomba, maharage na mihogo ya Wakonzo, wenyeji wa bonde hili, na kwa kawaida hasimami.

Kisa ninachokichambua ni hicho: bonde la wakulima ambalo wageni hulipita badala ya kulitembelea. Swali lina sehemu mbili. Je, shamba lenyewe, pamoja na kazi inayofanyika humo, linaweza kumsimamisha mgeni? Na akisimama, fedha yake imfikie nani, kwa njia gani, na hasa katika mwezi gani wa mwaka? Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa katika mipango mingi ya utalii wa kilimo ninayoisikia ikijadiliwa katika nchi yetu, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo. Wengi huuliza mgeni ataleta shilingi ngapi. Mkulima wa Mubuku anahitaji kwanza kujua shilingi hizo zitafika lini, kwa sababu katika maisha ya mkulima wa kahawa shilingi ya mwezi wa nane na shilingi ya mwezi wa kumi na mbili hazilingani uzito.

Tuanze na hali ilivyo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilianzishwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini hurejeshwa kwa jamii zinazopakana nayo, na fedha hizo hupitia wilayani na kwenye magombolola, yaani tarafa ndogo za wilaya, kabla ya kuwa mradi wa kijiji. Huo ni utaratibu wenye manufaa, na sioni sababu ya kuubeza. Hata hivyo, fedha inayokuja kwa njia hiyo humfikia mkulima akiwa mmoja wa watu wengi watakaotumia daraja, darasa au mbuzi wa mradi. Haimfikii akiwa mwenye shamba aliyeuza kitu chake. Njia ya pili ya fedha za mlima kulifikia bonde ni kazi ya upagazi na uongozaji, ambayo ilipata mpangilio kupitia shirika la wenyeji lililoundwa miaka ya 1980. Vijana wengi wa Ibanda na vijiji vya jirani wamesomesha wadogo zao kwa mzigo waliobeba mgongoni. Lakini upagazi ni kazi ya wenye nguvu, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanaume. Mama mwenye kahawa yake kando ya njia huwaona wapagazi wakipita na wageni wao, na yeye hana nafasi katika biashara hiyo.

Ipo pia kambi ya jamii ya Ruboni, karibu kabisa na Nyakalengija, ambayo kwa miaka mingi imewapokea wageni, ikawalaza, ikawalisha na kuwatembeza vijijini. Naitaja kwa heshima, na pia kwa sababu inajibu hoja moja mapema: bonde hili halina upungufu mkubwa wa vitanda. Anayetaka kulala chini ya mlima anapata pa kulala, na asiyetaka huteremka Kasese mjini kwenye hoteli. Kinachokosekana ni sababu ya watu wengine, ambao hata hawaji kupanda mlima, kuiacha barabara ya lami na kuingia bondeni kwa nusu siku.

Watu hao wapo, na ni wengi kuliko wapanda milima. Barabara ya Fort Portal kwenda Kasese ni sehemu ya safari inayofahamika sana ya magharibi mwa Uganda: mgeni hutazama sokwe katika msitu wa Kibale, kisha huteremka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth, akipita Kasese na kuvuka mstari wa ikweta pale Kikorongo. Siku hiyo ya katikati, baina ya sokwe na simba, haina kazi nyingine isipokuwa kuketi garini. Njia ya kuingia Ibanda inachepuka kutoka barabara hiyohiyo, kaskazini kidogo mwa Kasese. Katika siku hii ya barabarani ndimo soko la utalii wa kilimo la Mubuku lilipo, na katika eneo letu la magharibi kuna mfano unaothibitisha kwamba hesabu hii inawezekana.

Mfano huo ni Bigodi, kijiji kilicho kando ya msitu wa Kibale. Mwaka 1992 wenyeji waliunda chama chao, KAFRED, wakaanza kuwatembeza wageni katika kinamasi chao ambacho wangeweza kukikausha walime. Anayetazama sokwe asubuhi hubaki na mchana mtupu, na Bigodi wakaujaza mchana huo. Kwa fedha za matembezi hayo walijenga shule ya sekondari. Walipofanikiwa hawakuwa na hoteli wala jengo la kifahari. Walikuwa na kitu kimoja cha kuonyesha, muda maalumu, malipo yanayojulikana, na mahali pamoja pa kulipia ambapo kila mwanakijiji angeweza kuuliza kilichoingia. Mubuku inaweza kujifunza hayo yote. Tofauti ni kwamba kinamasi ni mali ya wote, ilhali kahawa ni ya mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo kisa chetu kinapokuwa kigumu zaidi kuliko cha Bigodi.

Kahawa ya Rwenzori ni arabika, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya kahawa yake ni robusta. Kwa miaka mingi arabika ya upande huu iliuzwa ikiwa imekaushwa na ganda lake, na katika biashara ikajulikana kwa jina la Drugar. Jina hilo halikuwa na sifa nzuri. Mkulima alichuma matunda mabichi na mabivu kwa pamoja, akayaanika juu ya udongo, na mnunuzi akalipa bei ya kahawa yenye ladha ya vumbi. Kisha vyama vya wakulima, kikiwamo Bukonzo Joint cha Kyarumba upande wa kusini wa wilaya, vikaonyesha kwamba kahawa ileile, ya miti ileile, ikichumwa nyekundu tupu na kuanikwa juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ni kahawa ya kuheshimiwa. Mabadiliko haya yameletwa na mikono, kwa kuwa hakuna mbegu mpya wala mbolea iliyobadilisha ladha. Kilichobadilika ni nani anachuma nini na siku gani.

Kwa nini basi mkulima anachuma matunda mabichi, hali anajua yatampunguzia bei? Wengine husema ni uvivu au ujinga. Sikubaliani nao hata kidogo, na kalenda inatosha kuwajibu. Mavuno makubwa ya kahawa katika Rwenzori huanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au mwanzoni mwa unaofuata, kutegemea mwinuko wa shamba. Mavuno madogo huja kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Muhula wa tatu wa shule hufunguliwa mwezi wa tisa. Kwa hiyo karo inadaiwa wakati mti wa kahawa ndio kwanza unaanza kubadilika rangi. Mzazi ana njia tatu: akope, achume kabla ya wakati, au auze kahawa ingali ua, yaani apokee fedha ya mchuuzi mwezi wa saba kwa mavuno ya mwezi wa kumi na moja, kwa bei ambayo mchuuzi ameipanga akijua shida ya mwenzake. Kuuza kahawa ikiwa ua ni jambo linalojulikana katika maeneo mengi ya kahawa nchini, na viongozi wamelikemea mara nyingi. Kulikemea hakulipi karo.

Hebu sasa tuweke kalenda ya mgeni kando ya kalenda hiyo. Wageni hupendelea miezi mikavu: mwezi wa sita hadi wa nane, na kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili. Kwa mtazamo wa haraka, huu ni mkosi, maana mgeni anakuja wakati ambapo hakuna kuchuma, na kuchuma kunafanyika wakati ambapo mvua imemzuia mgeni. Nimesikia hoja hii ikitolewa kama sababu ya kuacha kabisa wazo la utalii wa kahawa katika Rwenzori. Mimi naiona kinyume. Fedha ya mgeni wa mwezi wa saba na wa nane inafika katika wiki zilezile ambazo mchuuzi hupita akinunua maua. Ile ya mwezi wa kwanza inafika kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa mwezi wa pili. Kiasi kidogo tu, kikifika wakati huo, kinaweza kumwezesha mama mmoja kukataa kuuza kahawa yake ikiwa ua, na hivyo kuokoa bei ya mavuno yote. Faida kubwa ya utalii wa kilimo katika bonde hili itaonekana kwenye gunia la kahawa litakalouzwa kwa thamani yake, na itazidi kiasi kilichoandikwa katika daftari la wageni.

Hesabu ya kiasi inatusaidia kutodanganyika. Tuseme bonde limepata wageni 100 kwa mwaka, na kila mmoja ameondoka na pakiti moja ya kahawa iliyokaangwa, gramu 250. Hizo ni kilo 25. Kahawa hupungua uzito ikikaangwa, kwa hiyo zinahitajika kama kilo 30 za kahawa iliyokobolewa, na kila kilo ya kahawa iliyokobolewa hutokana na kilo sita hivi za matunda mekundu. Tunafika kilo 180 za matunda. Mti unaotunzwa kwa kiasi ukitoa kilo tatu, hiyo ni miti 60, na shamba lililopandwa kwa nafasi ya futi nane kwa nane huwa na miti 680 hivi kwa eka. Wageni 100 watakunywa chini ya sehemu ya kumi ya eka moja! Hata wakiwa 1,000, hawatamaliza kahawa ya eka moja kamili. Hakuna mgeni atakayechukua nafasi ya chama cha ushirika wala ya mnunuzi wa nje, na mtu yeyote anayewaambia wakulima kwamba utalii utawanunulia kahawa yao anawapotosha. Mgeni analipa kwa ajili ya saa nne za kufundishwa. Kahawa anayobeba ni sehemu ndogo ya malipo hayo.

Tukilikubali hilo, tunajua cha kujenga. Mgeni wa mwezi wa nane atakuta matunda yangali ya kijani, kitalu cha miche, kazi ya kupogoa, mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na migomba inayoipa kahawa kivuli. Hayo yanatosha kwa nusu ya kwanza ya ziara. Nusu ya pili, ambayo ndiyo mgeni hukumbuka, ni kukoboa kwa kinu, kupepeta, kukaanga katika chungu juu ya mafiga, kutwanga na kunywa. Nusu hiyo inahitaji kahawa ya mwezi wa kumi na mbili iwe bado nzuri mwezi wa nane. Kahawa yenye ganda lake jembamba, ikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 11 au 12 na kuhifadhiwa katika magunia safi juu ya mbao, mbali na sakafu na kuta, inavumilia miezi hiyo. Ikiachwa sakafuni katika nyumba ya udongo chini ya mlima unaonyeshewa kama Rwenzori, inavuta unyevu, inapauka na kuota ukungu. Kwa hiyo jengo la kwanza la utalii wa kilimo katika bonde la Mubuku linapaswa kuwa ghala dogo kavu, na la pili liwe vichanja vya kuanikia. Vyote viwili vinamfaa mkulima hata kama mgeni hatatokea kamwe.

Sharti hili la mwisho naliona kuwa muhimu kupita yote, kwa sababu wageni wa Kasese wana historia ya kutotokea. Kati ya mwaka 1997 na 2001 hifadhi ya Rwenzori ilifungwa kwa sababu ya waasi wa ADF. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2016 mapigano yalizuka Kasese mjini kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu, watu wengi wakafa. Mwaka 2019 wagonjwa wa Ebola walivuka kutoka Kongo na kugunduliwa katika wilaya hii. Mwaka 2020 uviko ulifunga mipaka. Mwezi wa sita mwaka 2023 wanafunzi waliuawa shuleni Mpondwe, na mwezi wa kumi mwaka huohuo watalii wawili na mwongozaji wao wa Kiuganda waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kila tukio la namna hii linatufika kwanza kama msiba wa watu, na baadaye kama ukimya wa simu za wageni unaodumu kwa miezi. Mkulima aliyekopa katika SACCO ili ajenge vyumba vinne vya wageni anaendelea kudaiwa katika ukimya huo. Aliyejenga kichanja anaendelea kuanika kahawa. Ndiyo maana napinga vitanda vipya: hatari yake inabebwa na mtu asiyeweza kuibeba.

Mto nao una yake. Mwezi wa tano mwaka 2020 mito ya Kasese, Mubuku ikiwamo, ilivunja kingo na kufagia nyumba, madaraja na mashamba. Upande wa Nyamwamba, hospitali ya Kilembe ilipigwa na mafuriko kama ilivyokuwa imepigwa mwaka 2013. Mtu akipanda njia yoyote bondeni ataona ni mashamba gani yanashika maji na ni yapi yanayoyaachia. Mitaro ya fanya juu, matandazo ya majani ya migomba, na nyasi zilizopandwa kukata mteremko ni vitu vya kumwonyesha mgeni kwa uzito uleule wa kahawa, maana barafu ya Rwenzori iliyokuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii, na mgeni anayesikia habari za mabadiliko ya hali ya hewa kwao anapaswa kuona jinsi mkulima mwenye nusu eka anavyopambana nayo kwa jembe. Lakini ziara zenyewe zisiwe mzigo kwa mteremko. Njia za miguu zipite juu ya matuta yaliyopo, vikundi viwe vidogo, na choo kijengwe mbali na mfereji. Njia mpya iliyokatwa wima ili mgeni apate picha nzuri itakuwa korongo baada ya msimu mmoja wa mvua.

Sasa nirudi kwenye ugumu nilioutaja, kwamba kahawa ni mali ya mtu mmoja mmoja. Ziara ikifanyika katika shamba moja tu, lile lililo karibu zaidi na barabara, mwenye shamba hilo atapata fedha na majirani watapata vumbi la magari. Ninavyoona, kijiji hakiwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu, wala si haki kukiomba kivumilie. Zamu ni njia nzuri zaidi: kaya kumi au kumi na mbili zilizo kwenye njia moja ya kutembea, kila moja ikipokea wageni kwa zamu yake, na ghala likiwa la pamoja. Malipo ya mgeni yagawanywe mbele ya macho ya wote. Sehemu kubwa iende kwa kaya iliyopokea siku hiyo, sehemu kwa mwongozaji, sehemu kwa ghala, na sehemu kwa jambo moja la kijiji ambalo kila mtu analiona, kama vile bomba la maji au daraja la miti. Viwango viandikwe ukutani kwa Kikonzo na kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa makabila mengi walioletwa na migodi ya shaba ya Kilembe, pamoja na wafanyabiashara wa mpaka wa Mpondwe, wameizoea hapa Kasese kwa miongo mingi. Mwenyekiti wa kijiji awe shahidi wa mahesabu, lakini asiwe mweka hazina.

Na ndani ya kaya, nani anapokea? Katika kahawa, wanawake hufanya sehemu kubwa ya kuchuma, kubeba na kuanika, na mara nyingi gunia likishafungwa ni baba anayelipeleka kwa mnunuzi na kurudi na fedha. Bukonzo Joint walilishughulikia jambo hili kwa namna ninayoiheshimu sana. Waliwashirikisha mke na mume katika kuchora mchoro wa mti unaoonyesha kazi za kila mmoja upande mmoja na matumizi ya kila mmoja upande wa pili, na mchoro ukawasemea yale ambayo ugomvi haukuweza kuyasema. Hatua kama hiyo ifanyike Mubuku kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Kaya inayoingia katika zamu ikubaliane mapema, mbele ya wenzao, kwamba fedha ya ziara itaingia kwenye simu ya nani. Katika ziara niliyoieleza, anayekaanga, anayetwanga, anayepika bundu (ugali wa mihogo) na sombe (kisamvu) kwa ajili ya chakula cha mchana na anayejibu maswali ya mgeni jikoni kwa kawaida ni mama wa nyumba. Si sawa afanye kazi hiyo ya tatu juu ya mbili alizo nazo, kisha malipo yake yapitie kwa mtu mwingine.

Kampuni za kusafirisha wageni zitataka jambo moja tu: uhakika. Dereva anayetoka Kibale saa mbili asubuhi anahitaji kujua kwamba akichepuka kuingia Ibanda atawakuta watu, maji yamechemka, na saa nane ataondoka kwenda Queen Elizabeth. Kwa hiyo kikundi kinahitaji simu moja isiyozimwa na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuipokea. Hili ni dogo kwa kusikia, lakini huduma nyingi za vijijini zinafia hapo, kwa sababu simu ilikuwa ya mtu aliyehamia Kampala. Ni afadhali kukataa kikundi kwa heshima kuliko kukikubali na kutokuwa tayari, kwa kuwa dereva aliyeaibika mbele ya wageni wake harudi.

Kuna mgeni mwingine ambaye mipango mingi humweka mwisho, nami ningemweka karibu na mwanzo: mtoto wa shule. Shule za Kasese, Fort Portal na Mbarara huandaa safari za masomo, na eneo hili lina somo zima la jiografia na kilimo katika umbali mfupi. Asubuhi wanafunzi wanaona kahawa ya mteremkoni. Mchana wanateremka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku yaliyoanzishwa miaka ya 1960, ambako maji ya mito ya Sebwe na Mubuku hulisha mahindi ya mbegu, mpunga na vitunguu katika tambarare yenye joto. Njiani wanaona kituo cha umeme cha Bugoye cha megawati 13, kinachoendeshwa na mto huohuo. Mwanafunzi hatalipa kama mtalii kutoka Ulaya, lakini haogopeshwi na taarifa za ubalozi wa nchi yake, na huja katika miezi ambayo mtalii hayupo, ikiwamo ile ya mavuno. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua ikinyesha na matunda yakiwa mekundu mitini, darasa la wanafunzi linaweza kuchuma kwa saa moja chini ya usimamizi na kuelewa kwa nini tunda la kijani huachwa mtini. Walio wenyeji wa Afrika Mashariki kwa jumla, Wakenya na Wanyarwanda wanaosafiri kwa barabara, wapo kati ya makundi haya mawili, na wanahitaji bei yao.

Kwa mpangilio wa utekelezaji, ningeanza na vichanja na ghala kabla ya mwezi wa tisa, nikapokea shule chache wakati wa mavuno ili kaya zijifunze kazi ya kupokea watu bila shinikizo la wageni wa mbali, na kisha nikafungua kwa wasafiri wa barabara ya Fort Portal katika miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka. Mwaka mzima upite kabla ya kaya nyingine kuongezwa kwenye zamu. Halafu kikao kikae mwezi wa tisa, na swali la kwanza kwa kila kaya lisihusu idadi ya wageni iliyowapokea. Waulizwe ni ngapi miongoni mwao zilizouza kahawa ikiwa ua mwaka huu, na ni ngapi mwaka uliopita. Swali la pili lihusu uzito: katika kila gunia la matunda lililoletwa kuanikwa, ni kiasi gani kilikuwa cha kijani. Ikiwa kaya zinazopokea wageni zinaleta matunda mabichi zaidi kuliko zamani, kwa sababu mikono iliyopaswa kuchuma ilikuwa ikiwatembeza watu, basi ziara zipunguzwe hadi siku mbili kwa wiki, na wakati wa kilele cha mavuno zisimamishwe isipokuwa kwa shule.